Tulia, Usitikisike

Sisi tunaokaa Tegeta tuna vitanda viwili, kimoja nyumbani na kingine ndani ya daladala. Alfajiri, gari linapoondoka Tegeta Nyuki kuelekea mjini, kabla halijafika Mtongani vichwa vya abiria huwa vimekwisha kuanza kuanguka, kimoja baada ya kingine, vikainuka, vikaanguka tena. Hakuna anayeshangaa. Watu wamechoka, wameamka saa kumi, na usingizi hauna adabu. Lakini mimi, mtu mzima niliyestaafu kazi ya ufundi wa umeme, siwezi mpaka leo kumtazama mtoto wa shule akisinzia namna hiyo nikaendelea na safari yangu kwa utulivu. Humgusa bega. Akifumbua macho na kunikunjia uso nafurahi, maana najua kwamba alikuwa amelala tu.

Nilizaliwa upande wa Mahenge, wilaya ya Ulanga, katika nchi ya Wapogoro. Mdogo wangu wa kike alizaliwa mwaka 1972, akiwa kitinda mimba. Alipofikia umri wa miaka 8 alianza kusinzia wakati wa kula. Ugali ukitengwa, naye akishika tonge la kwanza, kichwa kilianguka mbele, kikainuka, kikaanguka tena, mara kumi au zaidi kwa dakika, macho yakiwa wazi lakini hayatazami kitu. Tonge lilibaki mkononi. Mimi nilikuwa na miaka 14, na mama alikuwa amenipa kazi ya kuhakikisha kwamba mtoto anakula. Nilimpiga kofi. Si mara moja. Niliona ni madeko. Wakati mwingine baada ya kofi kichwa kilitulia, nami nikaamini kwamba dawa imefanya kazi. Sikujua kwamba vipindi vile hukoma vyenyewe, kofi lipigwe lisipigwe.

Wazee hawakushangaa kama nilivyoshangaa mimi. Walikuwa na jina lake: amesinzia kichwa. Walijua pia kwamba mtoto wa namna hiyo mara nyingi huja kupatwa na kifafa chenyewe, kile cha kuanguka na kutoa povu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mdogo wangu, kabla hajatimiza miaka 10. Tangu siku ile alipewa sahani yake na kikombe chake, kwa sababu watu waliamini kwamba ugonjwa huambukiza kwa mate. Akiangukia motoni wapo waliosita kumvuta mpaka povu likauke. Nayaandika haya bila kuwacheka watu wangu. Hofu yao ilitokana na mambo waliyoyaona kwa macho katika nyumba nyingi.

Kwamba nyumba hizo zilikuwa nyingi ilikwisha kuandikwa kabla mimi sijazaliwa. Karibu na mwaka 1960 alifika Mahenge daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye aliolewa akaitwa Jilek-Aall. Aliwakuta wagonjwa wa kifafa wakifichwa vibandani, wengine wakiwa na makovu ya moto mwili mzima, akaanzisha kliniki ya kifafa ambayo iliendelea baada ya yeye kuondoka. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitali, vidonge vyeupe vya bei ndogo. Alikadiria kwamba kati ya kila watu 100 wa sehemu zile karibu wawili wana kifafa, idadi ambayo ni kubwa mara nyingi kuliko kawaida ya dunia. Na katika maandishi yake alitaja watoto wanaosinzia kichwa, akiliandika neno hilo kwa Kiswahili kama alivyolisikia. Mama yangu alimpeleka mdogo wangu katika kliniki hiyo, naye alimeza vidonge vile kwa miaka mingi. Havikumponya, lakini vilimpunguzia sana.

Mimi nilikuja Dar es Salaam kujifunza ufundi, nikapata kazi, na baadaye kiwanja Tegeta, wakati ule viwanja vya huku bado vikidharauliwa kwa kuwa ni mbali na vumbi la Wazo halikauki mabatini. Mwaka 1996 niliona nina uwezo wa kumsaidia mdogo wangu. Niliambiwa kwamba mjini kuna mashine inayopima umeme wa ubongo. Kwa fundi umeme maneno hayo yalikuwa kama muziki. Nilisema, ikiwa tatizo ni umeme, basi lina kipimo, na lenye kipimo lina fundi. Nikamtumia nauli. Alivuka Kilombero kwa kivuko, maana daraja lilikuwa halijajengwa, akafika Tegeta usiku akiwa amesukwa nywele vizuri sana, mistari midogo midogo iliyonyooka. Alikuwa na miaka 24 na hakutaka mji umwone kama mgonjwa.

Hospitali tuliyokwenda sitaitaja. Jambo la kwanza tuliloambiwa ni kwamba nywele zifumuliwe. Waya hazishiki kwenye misuko; lazima ziguse ngozi ya kichwa. Tulikaa kwenye benchi la korido karibu saa mbili, mimi na yeye, tukifumua kazi iliyochukua siku nzima kusukwa. (Mwaka 2020 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, Arnelle Etienne, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba inawezekana kutengeneza vishikio vya waya vinavyojibana chini ya misuko, kati ya mstari na mstari, vikagusa ngozi vizuri zaidi kuliko vile vya zamani. Kipimo hicho kilikuwa na umri wa miaka karibu 100 ndipo mtu alipofikiria nywele zetu.)

Kisha akalazwa, akapakwa mafuta mazito ya chumvichumvi, waya zikabandikwa, na fundi wa mashine akamwambia maneno ambayo niliyasikia kupitia mlangoni: "Tulia. Usitikisike. Usipepese macho, usimeze mate hovyo, legeza taya." Kalamu zikaanza kuchora. Baada ya nusu saa hivi kazi ilikwisha. Tulipotoka nje aliniambia, "Kaka, niliogopa hata kupumua, nisije nikaharibu."

Nilielewa kwa nini aliambiwa atulie, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu bila jambo hili mengine hayaeleweki. Betri ya tochi ina volti moja na nusu. Ukiigawa volti moja katika vipande milioni, umeme wa ubongo unaofika juu ya ngozi ya kichwa ni vipande 10 hadi 100 tu. Misuli ya taya ikikaza hutoa umeme mwingi kuliko huo. Jicho nalo lina umeme wake, na kulipepesa mara moja kunatosha kufunika maandishi yote ya ubongo. Shingo ikigeuka, waya zinavutika, na mvutiko huo nao unaandikwa. Ni sawa na kutaka kumsikia mtu anayenong'ona upande wa pili wa stendi ya Mwenge saa kumi na mbili jioni. Ndiyo maana tangu mwanzo wa kipimo hiki mgonjwa mwema alikuwa yule aliyelala kama gogo.

Mwanzo wenyewe ni wa ajabu. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani, alipokuwa askari kijana mwanzoni mwa miaka ya 1890 alianguka kutoka juu ya farasi mbele ya gari la mzinga, akanusurika kidogo tu. Jioni hiyo ilifika simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, akiuliza hali yake, kwa sababu dada yake Berger, aliyekuwa mbali, alihisi ghafla kwamba kaka yake yumo hatarini. Berger hakuisahau siku ile. Alitumia maisha yake kutafuta nguvu inayoweza kutoka katika ubongo wa mtu mmoja ikafika kwa mwingine. Nguvu hiyo hakuipata. Alichopata mwaka 1924, kwenye kichwa cha kijana aliyekuwa amepasuliwa fuvu, ni mawimbi madogo ya umeme. Aliogopa kuyatangaza kwa miaka 5, akayachapisha mwaka 1929. Nilipoisoma habari hii nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Msomi wa Ulaya alianza na jambo ambalo kwetu lingeitwa la mizimu, akatoka na waya. Sisi tulikwenda na mgonjwa kwenye waya, tukatoka na mizimu. Nitaeleza.

Jibu la kipimo cha mdogo wangu lilikuwa fupi: picha ni safi. Hakuna aliyekaa nasi kutueleza maana yake. Hakuna aliyesema kwamba kipimo kimoja cha nusu saa huwakosa karibu nusu ya wagonjwa wa kweli wa kifafa, kwa sababu ubongo wao, wasipokuwa katika kipindi cha ugonjwa, unaweza kuandika mwandiko ulionyooka kama wa mtu mzima wa afya. Mimi mwenyewe, mwenye ujuzi wangu wa umeme, nilirudi Tegeta nikiwa na fikira za kijinga: nyaya zimepimwa, hazina shoti, basi tatizo haliko kwenye nyaya. Nilimwandikia mama barua hivyo hivyo.

Barua ile ilisomwa mbele ya ukoo. Shangazi akasema, "Si mnaona? Mashine ya Wazungu imetazama ndani ya kichwa, haikukuta ugonjwa. Basi ni mambo yetu." Hakusema kwa ubaya, alimpenda yule binti kuliko wote. Vidonge vikaachwa, mganga akatafutwa, mbuzi wawili wakatoka. Kabla ya mwaka kwisha mdogo wangu aliangukia jikoni, mkono wa kulia ukaungua mpaka vidole viwili vikashikamana. Baada ya hapo nilimleta Tegeta akae nami, akarudia vidonge. Alikaa miaka 6, akiuza vitumbua barazani kwa mkono wa kushoto. Alifariki mwaka 2003.

Nimeitafuta habari ya ugonjwa huu miaka mingi tangu hapo, kwa msaada wa binti yangu ambaye ni muuguzi na hunichapia makala. Katika kutafuta nimekutana na jambo ambalo sijaweza kulizoea. Mwaka 1965 zilichapishwa Ulaya makala mbili. Moja ni ya Jilek-Aall, kuhusu kifafa kwa Wapogoro. Ya pili ni ya Wajerumani wawili wa Freiburg, Hans Kornhuber na mwanafunzi wake Lüder Deecke, waliokuwa wamechoshwa na utaratibu wa kumpima mtu aliyelala kama gogo. Walitaka kujua ubongo unafanya nini mtu anapotenda jambo kwa hiari yake. Wakamwambia mtu apige kidole kimoja kila apendapo, mara mamia, huku waya ziko kichwani. Kipigo kimoja hakionyeshi kitu, kelele ni nyingi. Lakini walirekodi yote kwenye mkanda wa sumaku, kisha wakaurudisha mkanda kinyumenyume kutoka kwenye kila kipigo, wakajumlisha. Kelele, kwa kuwa hazina utaratibu, zikafutana. Kilichobaki ni wimbi la polepole linaloanza sekunde moja au zaidi kabla kidole hakijasogea. Ubongo unajiandaa kwanza. Kama fundi nakiri kwamba sijapata kusoma ujanja uliotumia vifaa vichache vile ukanipendeza kama huu. Na kabla yao, mwaka 1952, Mfaransa Henri Gastaut wa Marseille alikwisha kueleza mawimbi mengine yanayozimika mtu anapokunja ngumi. Baadaye akaona kwamba huzimika hata mtu akiwatazama mabondia kwenye sinema, naye amekaa kitini.

Kwa hiyo mwaka mmoja ule ule ilijulikana mahali pamoja kwamba kuna watoto ambao ugonjwa wao ni mwendo wa kichwa, na mahali pengine kwamba ubongo unaweza kupimwa wakati wa mwendo. Kutoka Freiburg mpaka Mahenge palikuwa mbali. Silaumu mtu, makala hizo zilisomwa na watu tofauti. Nasema tu kwamba kati ya mwaka huo na ule ambao mdogo wangu aliambiwa "usitikisike" ilipita miaka 31.

Habari ilibadilika kutokana na shida ya majirani zetu. Baada ya vita vya kaskazini ya Uganda, wazazi wa Kitgum waliona watoto wao wakisinzia vichwa, hasa wakati wa chakula, wakadhoofika, wakaacha shule. Mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Uganda pamoja na wataalamu wa Marekani walikwenda kuchunguza. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2013, miaka 48 baada ya ile ya Mahenge. Watoto 12 walifungwa waya kichwani, tena wakaongezewa waya kwenye misuli ya shingo, nyuma. Wawili kati yao wakaanza kusinzia waya zikiwa zimeshika.

Nilisoma ukurasa ule mara nyingi. Katika dakika ile ile kichwa kilipoanguka, mawimbi ya ubongo yalilala kote kwa pamoja, yakawa karibu mstari mnyoofu, na misuli ya shingo ikanyamaza. Haikukaza, ilinyamaza. Maana yake ni kwamba mtoto hakitikisi kichwa, wala hasinzii. Shingo imekatiwa umeme kwa nukta chache, kichwa kinaanguka kwa uzito wake, umeme unarudi, shingo inakiinua, unakatika tena. Ni kifafa, cha aina ile inayolegeza mwili badala ya kuukaza. Wazee wetu walilipata umbo la jambo, lakini neno la usingizi walilolitumia ndilo lililonipa mimi ruhusa ya kupiga. Mtoto anayesinzia anaamshwa. Huyu alikuwa ameshika tonge, anataka kula, na mimi nilimpiga kila alipokatikiwa.

Mahenge kwenyewe hakukusahauliwa. Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 62 wa kusinzia kichwa waliochunguzwa kwenye kliniki ile ile, iliyoongozwa na Andrea Winkler. Miongoni mwa waandishi wake wamo William Matuja, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu wa Muhimbili, na Jilek-Aall mwenyewe. Baadhi yao walipimwa umeme wa ubongo, wengine wakapigwa picha za ndani ya kichwa, na kasoro zilionekana, hata makovu ndani ya ubongo. Mdogo wangu alikuwa amekufa miaka 5. Kuhusu chanzo, kidole kinauelekea usubi, ule ugonjwa wa minyoo unaoletwa na visubi vya kwenye mito inayokwenda kasi, ambao Mahenge umejaa. Ingawa ivermektini imegawiwa huko kwa miaka mingi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta bado zaidi ya watu 2 kati ya 100 wana kifafa katika vijiji viwili vya huko. Namna hasa minyoo hiyo inavyoudhuru ubongo wataalamu wanaendelea kubishana, nami si wa kuwaamua.

Mwaka huo huo wa 2018 wataalamu wa Nottingham, Uingereza, walitangaza kofia ya kupima sumaku hafifu inayozaliwa na umeme wa ubongo. Mashine za zamani za namna hiyo ni kubwa kama jokofu la duka la nyama, na mtu huingiza kichwa ndani asisogee hata kidogo. Hii mpya unaivaa. Waliwajaribu watu wakinyoosha mikono, wakinywa, wakicheza mpira mdogo kwa kibao, na wakitingisha kichwa juu na chini. Binti yangu alinisomea orodha hiyo bila kujua alichokuwa akinisomea. Nilimwomba arudie kuhusu kichwa. Kofia hiyo, hata hivyo, inataka chumba maalumu chenye kuta za kuzuia sumaku ya dunia, na chumba hicho hakibebwi kwenda Ulanga.

Bado ninayo bahasha ya mwaka 1996. Hospitali ilitupa kurasa chache za mchoro pamoja na lile jibu. Nimezitazama kwa lenzi ninayotumia kusomea mita. Mistari imetulia ukurasa baada ya ukurasa, lakini katika ukurasa wa tatu kuna mahali, upana wa vidole viwili, ambapo kalamu zote zimevurugika kwa pamoja kisha zikarudi. Juu yake fundi wa mashine ameandika kwa kalamu ya risasi: ametikisika. Ndivyo walivyofundishwa, mahali pa namna hiyo panawekewa alama ili msomaji wa kipimo aparuke.

Mwaka jana nilimpelekea ukurasa huo kijana mmoja anayefanya kazi hiyo siku hizi kwa kompyuta. Aliutazama kwa heshima, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Mzee wangu," akasema, "inaweza kuwa alikohoa. Inaweza kuwa ndicho mnachokitafuta. Shingoni hapakuwa na waya, kwa hiyo hapasomeki." Akanirudishia. Nikaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ya zamani, nikapanda gari la Tegeta.